Kufungua boliti za aleni zilizoganda kwenye blowa ya salfa

Blowa za kupulizia mikorosho huingia stoo msimu wa maua ukiisha, mvua zote zinapita zikiwa humo, halafu mwezi wa tano zinatolewa karibu zote kwa wakati mmoja. Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, kila fundi anakuwa na foleni. Kazi ya kwanza ni kufungua: eksozi, kabureta, kifuniko cha kamba ya kuwashia, pengine na silinda. Hapo ndipo boliti za aleni, zile zenye tundu la pembe sita kichwani, zinapogoma. Boliti moja ya M5 (yaani yenye unene wa milimita 5) ikiliwa tundu au ikikatikia ndani ya aluminiamu, mashine iliyohitaji kusafishwa kabureta tu inageuka kazi ya drili na tepu ya kukatia nyuzi, na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaopuliziwa salfa, hausubiri mtu amalize.

Karibu boliti zote zinazoharibika huharibikia kwenye jaribio la kwanza, pale mtu anapochomeka aleni iliyochakaa kwenye tundu lenye uchafu na kuivuta kwa nguvu zote. Ukishalila tundu, njia rahisi zote zimefungwa. Kwa hiyo muda mwingi wa mwongozo huu uko kwenye mambo ya kufanya kabla ya kuvuta.

Jua kwanza imegandishwa na nini

Salfa kavu peke yake haili sana chuma. Salfa iliyokaa na unyevu kwa miezi ndiyo hatari: taratibu inazaa asidi, na asidi hiyo inakula chuma na aluminiamu pamoja. Kwenye eksozi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu vumbi la salfa likipita kwenye injini linaungua na moshi wake ukikutana na maji unakuwa asidi moja kwa moja. Kwa mashine zinazokaa karibu na bahari, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, ongeza chumvi ya hewani.

Halafu kuna ugomvi wa metali mbili. Boliti ni chuma, mwili wa injini ni aluminiamu. Zikigusana penye unyevu wa chumvi au asidi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyokuwepo. Unga huo unajaa kwenye nyuzi na kuibana boliti pande zote.

Angalia ukingo wa kichwa cha boliti kwa tochi. Ukiona unga mweupe, tatizo ni aluminiamu iliyoliwa, na dawa yake ni joto na kugonga. Ukiona rangi ya kahawia, ni kutu ya chuma, na mafuta ya kupenya yatasaidia ukiyapa muda. Kama boliti ni safi lakini haitikisiki, hasa kwenye mashine isiyowahi kufunguliwa, huenda kiwandani waliiweka gundi ya nyuzi. Boliti jirani ukiitoa utaona mabaki makavu ya buluu au mekundu. Mafuta hayafui dafu kwa gundi. Inataka joto tu. Na wakati mwingine hakuna kilichoganda, ila aliyefunga mara ya mwisho alirefusha mkono wa aleni kwa bomba na kukaza kupita kiasi.

Osha kabla ya kugusa spana

Hatua hii hairukwi. Salfa inawaka. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 115 hivi, na ikishika moto mwali wake ni wa buluu hafifu ambao juani hauonekani vizuri, huku moshi wake ukikaba koo na kuchoma mapafu. Vumbi lake likiwa hewani linaweza kulipuka kwa cheche moja ya grenda. Mwaga salfa yote iliyobaki kwenye tangi lake, mwaga petroli, chomoa kofia ya plagi, ziba mdomo wa kabureta na wa eksozi kwa kitambaa, kisha osha mashine nzima kwa maji na sabuni na brashi. Anika juani mpaka ikauke. Chombo cha petroli kikae mbali, hatua kumi au zaidi.

Baadhi ya injini ndogo zina mwili wa magnesiamu, metali inayofanana sana na aluminiamu ila nyepesi zaidi. Chengachenga zake zikiwaka hutoa mwanga mweupe mkali, na maji huongeza moto badala ya kuuzima. Kama huna uhakika mwili ni wa metali gani, usitumie moto wa wazi kabisa, na ukitoboa kwa drili weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Nyumba ya feni nayo mara nyingi ni plastiki. Jiko la gesi litaikunja kabla boliti haijapata joto.

Aleni sahihi, tena yenye ncha kali

Boliti ya kichwa cha mviringo kirefu ina vipimo vinavyojulikana: M4 inatumia aleni ya milimita 3, M5 inatumia 4, M6 inatumia 5, M8 inatumia 6. Boliti ya kichwa cha kubonyea, kilicho chini kama kitufe, inashuka saizi moja: M5 inatumia 3, M6 inatumia 4, M8 inatumia 5. Ndiyo maana hizo za kitufe huliwa upesi.

Seti nyingi za bei nafuu huchanganya milimita na inchi. Aleni ya 5/32 ni milimita 3.97, kwa hiyo kwenye tundu la 4 inakaa vizuri tu. Lakini 3/16 ni milimita 4.76, na ukiitia kwenye tundu la 5 inacheza, na kucheza huko ndiko kunakokula pembe. Soma namba iliyochongwa kwenye shina, usikadirie kwa jicho. Angalia pia kama kweli ni pembe sita: mashine za Stihl hutumia kichwa cha nyota, saizi T27, na aleni ikilazimishwa humo inaharibu boliti nzima.

Aleni iliyotumika sana inakuwa na ncha iliyoviringika milimita mbili za mwisho, na boliti ndogo tundu lake lina kina cha milimita mbili na nusu au tatu tu. Maana yake unafungua kwa sehemu mbovu peke yake. Usiitupe. Ikate milimita 2 au 3 kwa grenda, mbali na blowa, ukihakikisha mkato umenyooka, na uichovye kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Ncha ikigeuka buluu imepoteza ugumu na itajipinda, kata tena. Ukimaliza, pembe sita zote ziwe kali kama mpya. Aleni yenye ncha ya duara kama gololi ni ya kuzungushia boliti iliyokwisha kulegea, kamwe si ya kulegezea.

Sasa tundu lenyewe. Salfa, vumbi na mafuta hushindiliwa chini yake mpaka linakuwa gumu, na aleni inaishia katikati. Chokoa kwa sindano ya kushonea magunia au msumari mwembamba ulionolewa, puliza, tia tone la mafuta ya taa, chokoa tena. Chomeka aleni na uigonge kidogo kwa nyundo. Sauti ya chuma kwa chuma ikisikika imefika chini. Sauti ikiwa ya kudidimia, bado kuna uchafu.

Kulegeza

1. Laza mashine ili boliti itazame juu. Tia mafuta ya kupenya pembezoni mwa kichwa. Kama hukupata ya kopo, changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, ukitikisa kila unapotumia, kwa sababu hujitenga. Asetoni inakula plastiki na rangi, na inashika moto upesi sana. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inafaa pia, ila inahitaji muda mrefu zaidi. Kama tundu la boliti linatokea upande wa pili, tia mafuta huko, kwa sababu njia ya kufika kwenye nyuzi ni fupi.

2. Acha saa 6 mpaka 12. Kila unapopita, gonga kichwa cha boliti mara tano au sita kwa nyundo ya gramu 300 hivi, ukiweka kipande cha chuma bapa juu yake ili usiharibu tundu. Pigo kavu la haraka, si la kuponda. Mtikiso huo unapasua unga uliogandisha nyuzi, nao mafuta yanapata pa kupita. Kwenye silinda gonga kwa adabu. Mapezi ya kupoozea huvunjika.

3. Chomeka aleni, igonge mpaka chini, halafu jaribu kwanza kukaza, kidogo sana, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko au hata chini ya hapo. Ikisogea tu, umeshinda. Kisha geuza upande wa kulegeza. Vuta kwa mkupuo mfupi wa kiganja badala ya kuikandamiza polepole. Kukandamiza polepole ndiko kunakoipinda aleni na kuipandisha nje ya tundu. Kidole gumba cha mkono wa pili kiishikilie chini muda wote.

4. Ikilegea robo mzunguko halafu ikabana tena, simama. Rudisha, tia mafuta, toa, rudisha. Nyuzi zenye unga mweupe zikilazimishwa kwenda upande mmoja tu huchana aluminiamu yote na kutoka nayo.

Kuhusu bomba la kurefushia mkono wa aleni, hesabu ni hii. Aleni ya kawaida ya milimita 4 ina mkono mrefu wa sentimita 7. Boliti ya M5 kwenye aluminiamu inakazwa kwa kama nyutonimita 5 (nyutonimita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukivaa bomba la sentimita 30 na kulivuta kwa nguvu ya kilo 4 tu, umefika karibu nyutonimita 12, na hiyo inatosha kukata boliti ya kawaida ya M5 huku aleni yenyewe ikiwa salama. Mkono hausikii tofauti. Kwa M8 bomba linavumilika. Kwa M5 na M6 afadhali joto.

Maji ya moto kabla ya moto

Aluminiamu ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiupasha mwili wote, tundu linapanuka kuliko boliti iliyomo ndani, na mshiko unalegea. Birika la maji yanayochemka linatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, na lina faida isiyopatikana kwa jiko la gesi: maji hayavuki nyuzijoto 100, kwa hiyo hata salfa iliyojificha kwenye kona haiyeyuki wala haiwaki.

Ondoa koili kama unaifikia, au ifunge kwa mfuko wa nailoni. Mimina maji polepole kwenye aluminiamu inayozunguka boliti, lita moja kwa dakika moja hivi, halafu jaribu mara moja kabla haijapoa. Rudia mara tatu au nne. Kati ya mizunguko gonga kichwa. Joto na mtikiso vikipishana hufanya kazi ambayo kimoja peke yake hakiwezi.

Kwa gundi ya nyuzi maji ya moto yanaweza kusaidia ile ya buluu, lakini nyekundu inataka zaidi ya nyuzijoto 200. Hapo tumia chuma cha kuchomea risasi cha mafundi redio, cha wati 60: ingiza ncha yake ndani ya tundu la boliti, uache dakika tatu mpaka tano, kisha fungua ingali ya moto. Joto linaanzia kwenye boliti yenyewe bila kutapakaa sana. Pasipo umeme, nondo nyembamba iliyopashwa kwenye jiko la mkaa na kusimamishwa juu ya kichwa cha boliti, mara mbili au tatu, inafika karibu na hapo. Jiko liwe mbali na mashine. Unabeba nondo, hubebi mashine kwenda motoni.

Tundu likishaliwa

Kama pembe zimeanza tu kuviringika, paka ncha ya aleni grisi ya kusagia valvu. Ina chembe ngumu zinazong'ata chuma, na mara nyingi inaokoa jaribio moja zuri. Isifike ndani ya injini. Futa kabla ya kufungua zaidi.

Ikikataa, gonga ndani biti ya nyota. Kwa tundu la milimita 4 anza na T27. Kwa tundu la 5 jaribu T30, na ikiingia kwa mkono bila kugongwa, ni ndogo, haitashika. Inayofaa ni ile inayokataa mkono na kukubali nyundo. Pasipo biti, chukua aleni ya saizi inayofuata, ichonge kwa tupa iwe nyembamba kidogo nchani, igonge humo. Kugonga huko nako ni mtikiso, na boliti nyingi hulegea hapa.

Kichwa kikiwa kimejitokeza, kibane kwa plaiza ya kujifunga, ukichonga kwanza sehemu mbili bapa kwa tupa ili meno yapate pa kushika. Njia ya tindo, ya kugonga ukingo wa kichwa kuelekea upande wa kufungua, inafanya kazi kwa M6 na kuendelea. Kwa M5 hukata kichwa mara nyingi mno kuitegemea.

Zikishindikana zote, toboa kichwa kiondoke, bila kusikitika. Ni njia safi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kichwa kikitoka ule mkazo wote unaisha, kifuniko kinachomoka, na shina lililobaki mara nyingi linazunguka kwa plaiza tu. Kichwa cha M5 kina urefu wa milimita 5, cha M6 ni 6. Tumia biti ya 5.5 kwa M5 na ya 6.5 kwa M6, weka alama ya utepe kwenye biti ili usipite urefu huo, na acha tundu la aleni likuongoze katikati. Mwendo wa polepole, mafuta kila mara. Boliti iliyoandikwa 12.9 kichwani ni ngumu sana. Biti ya kawaida itang'aa na kufa, tafuta ya kobalti.

Shina likiwa limejitokeza, funga nati mbili zikazane zenyewe kwa zenyewe, kisha zungusha ile ya chini kwa spana. Maji ya moto tena kabla ya kuvuta.

Ikikatikia ndani

Kijiti cha kuchomolea boliti, kile chenye nyuzi za kinyume kinachogongwa kwenye tundu la drili, kiepuke kwa M5 na kushuka. Ni chuma kigumu kinachokatika bila onyo, na kikikatikia ndani drili yako haitakitoboa tena.

Kama kuna fundi wa kulehemu, aweke nati juu ya shina na kulichomelea ndani ya nati. Joto la kulehemu lenyewe linalegeza nusu ya kazi. Tangi la petroli na la salfa yaondolewe kabisa, waya wa koili uchomolewe, na klempu ya ardhi ibanwe karibu na boliti hiyo, ili umeme usipite kwenye beringi za krenki na kuzichoma. Hii ni kwa mwili wa aluminiamu tu.

Vinginevyo piga alama katikati kabisa ya shina kwa senta panchi (chuma chenye ncha kali), toboa kwa biti ya 2.5, kisha 4.2 kwa M5, na pitisha tepu ya M5. Kwa M6 anza na 3, malizia na 5. Biti ikihama upande usiendelee kuikaza kwa matumaini. Panua uwe M6 badala ya M5, na tundu la kifuniko ulifanye 6.5.

Kufunga upya

Boliti zilizoteseka zitupe. Nunua daraja la nguvu 8.8 au zaidi (namba huandikwa kichwani), urefu uleule. Zile za kung'aa zisizoshika kutu zinapendwa, lakini tundu zake ni laini kuliko za 12.9, na zikikaa kwenye aluminiamu penye chumvi zinaila haraka kuliko chuma cha kawaida. Ukizitumia, grisi ni lazima.

Safisha tundu la nyuzi kwa tepu au kwa boliti ya zamani iliyokatwa mfereji kwa msumeno, puliza, paka grisi nyembamba kwenye nyuzi tu. Kwenye eksozi tumia ile ya kuhimili joto. Ile ya shaba iweke mbali na njia ya salfa, kwa kuwa salfa huila shaba na kuifanya nyeusi. Ukiona waya zako za koili zimekuwa nyeusi, sababu ni hiyohiyo.

Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. M5 ni nyutonimita 5, M6 ni 9. Bila spana ya kipimo: shika mkono mrefu wa aleni fupi karibu na mwisho wake na uvute kama unavyoinua kilo 8 kwa M5, kilo 13 kwa M6. Washa mashine, iache itumie tangi moja, izime ipoe kabisa, kisha pitia tena boliti za eksozi, kwa sababu gasketi mpya hushuka na boliti hizo hulegea zenyewe.

Msimu ukiisha, osha kabla ya kuweka stoo, siku hiyohiyo, na tia tone la mafuta kwenye kila tundu la aleni. Blowa isiyotumika mwaka mzima ifungue boliti za eksozi nusu mzunguko mwezi wa kwanza, uzirudishe.